Robert Watson-Watt: Aliyeifuata radi kwa redio

Wasikilizaji wetu wa Itigi na Manyoni mnajua: wingu zito likikaribia, redio huanza kukwaruza hata kabla ngurumo haijasikika. Wengi wetu hupunguza sauti tu. Mskoti mmoja aliifuatilia mikwaruzo hiyo, na mbinu yake hutumika hadi leo kumtafuta anayevuruga mtandao wa simu.

Robert Watson-Watt alizaliwa mwaka 1892 mjini Brechin, mtoto wa seremala. Mwaka 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, alijiunga na idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Marubani walihitaji kuonywa mapema kuhusu radi, naye alijua kwamba kila radi hutoa mawimbi ya redio.

Tatizo lilikuwa muda. Radi ilipiga na kupotea kabla antena haijazungushwa kwa mkono. Miaka ya 1920, yeye na wenzake walitumia antena mbili zilizokingamana, zikaunganishwa na kioo mfano wa televisheni ya zamani. Mstari ulitokea papo hapo kuonyesha upande radi ilikotokea.

Lakini kituo kimoja hakitoshi. Tuseme cha Singida mjini kinaonyesha kusini, magharibi kidogo, na cha Manyoni kinaonyesha magharibi. Mistari ikikutana Itigi, radi iko huko.

Februari 1935, yeye na Arnold Wilkins walitumia mawimbi ya kituo cha BBC cha Daventry kugundua ndege angani. Ndiyo ikawa rada. Katika Vita ya Pili, mitambo ya kutafuta upande ilinasa hata ujumbe mfupi wa nyambizi za Wajerumani, na meli nyingi zikanusurika. Alipewa hadhi ya Sir mwaka 1942, akafariki 1973. Miaka ya 1950 alitozwa faini Kanada kwa mwendo kasi. Kilichomnasa ni rada.

Kifaa cha kuvuruga simu hupiga kelele kwenye masafa yale yale ya mnara, simu ikashindwa kuusikia. Mgonjwa akizidiwa usiku, hakuna wa kumpigia. Mafundi hupima upande kutoka sehemu mbili au zaidi, kisha hufuata mistari inapokutana.

Kwa hiyo mtandao ukipotea mara kwa mara mahali pamoja, andika mahali na saa, kisha uiarifu kampuni yako ya simu au TCRA. Taarifa yako huwaonyesha mafundi pa kuanzia.