Mwalimu Nyerere na bao



Likizo iliyopita tulikaa jioni kadhaa barazani Kilwa Kivinje tukiwatazama wazee wakicheza bao. Sisi wanafalsafa tulidhani tutalijua upesi. Tulifungwa hata na watoto. Mzee mmoja akatuhurumia, akatukumbusha kuwa Mwalimu Nyerere naye alikuwa mchezaji.

Kwa wasiolijua: bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, na huanza na kete 22 mkononi akiziingiza moja moja. Huko ndiko kunamua. Kete yako ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalolitazama lina kete pia, unazila na kuzigawa upande wako kuanzia kichwani. Ukiishiwa kete safu ya mbele, umefungwa. Lakini utamu wote uko kwenye nyumba, lile shimo la mraba lenye akiba. Ukila, na kete ya mwisho ikaishia humo, una hiari: usimame, au uicheze nyumba yote. Ukishaicheza, hairudi kuwa nyumba tena.

Kambarage alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu alicheza bao na kijana huyo, akastaajabia akili yake, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 akaingia Mwisenge, Musoma. Zikafuata Tabora, ubatizo mwaka 1943, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu, shule ya Kanisa.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, alitakiwa achague: ualimu au siasa. Alikuwa na mke, familia changa, na mshahara wa uhakika. Akajiuzulu. Hapa tulibishana bwenini hadi taa zikazimwa, maana sisi tunafundishwa utii kila siku. Wengi tuliona hakukosa utii: hakuendelea kupokea mshahara huku akifanya siasa kwa kujificha. Mwenzetu mmoja bado hakubali.

Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu akajenge chama. Mwaka huohuo akachaguliwa Rais, na mwaka 1985 akang'atuka. Akarudi Butiama, kwenye shamba lake na bao na wazee wenzake. Injili alizozitia katika utenzi zilichapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, majirani zetu wa huku kusini. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na leo anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Desemba tunarudi Kivinje. Mzee ametuahidi mchezo mwingine, na safari hii tutajaribu kutoigusa nyumba mapema.