Abebe Bikila: Alipasuliwa tumbo, wiki chache baadaye akavunja rekodi ya marathoni

Ukimtaja Abebe Bikila, wengi watakumbuka yule askari wa Ethiopia aliyekimbia peku mjini Roma na kutwaa medali ya dhahabu. Hilo tutaligusia. Ila wasikilizaji wetu wamekuwa wakiuliza kama mtu aliyefanyiwa upasuaji mkubwa anaweza kurudiwa na nguvu zake, ashike jembe, abebe ndoo, au hata akimbie. Kwa swali hilo, mwaka wa kuutazama katika maisha ya Bikila ni 1964.

Alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Akiwa kijana alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Mbio ndefu alizianzia huko jeshini, akiwa mtu mzima tayari, chini ya kocha Onni Niskanen kutoka Sweden. Kwa hiyo wewe unayedhani umechelewa kuanza mazoezi, huyu naye hakuanzia shule ya msingi.

Septemba 10, 1960 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Roma. Viatu alivyopewa vilimbana, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, akaamua kwenda peku. Karibu na mwisho njia ilipita penye mnara wa Aksum, jiwe refu ambalo majeshi ya Italia yalilichukua Ethiopia miaka ya 1930. Hapo ndipo alipomwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Alimaliza usiku kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote duniani wakati huo.

Baada ya hapo alishinda mbio nyingine kadhaa, ingawa mwaka 1963 huko Boston, Marekani, alimaliza wa tano. Wakati Olimpiki ya Tokyo inakaribia, Muingereza Basil Heatley alikuwa ameshaweka muda mzuri zaidi, saa 2, dakika 13 na sekunde 55.

Zikiwa zimebaki chini ya wiki sita, Bikila alishikwa na maumivu ya tumbo akiwa mazoezini. Alijaribu kuyavumilia, akaanguka. Hospitalini ikabainika ni kidole tumbo kilichovimba, na Septemba 16, 1964 akafanyiwa upasuaji.

Hapa tusimame kidogo, maana ugonjwa huu upo vijijini kwetu na unaua watu. Mara nyingi maumivu huanzia kitovuni, kisha huhamia chini upande wa kulia. Mgonjwa hukosa hamu ya kula, hutapika, na anaweza kupata homa. Wapo wanaompa dawa ya kuharisha wakidhani tumbo limefunga. Msifanye hivyo. Kidole tumbo kikipasuka, usaha husambaa tumboni, na hapo kila saa ina thamani. Mpelekeni hospitali.

Siku zile upasuaji huo ulikuwa wa kupasua tumbo kwa kisu. Hata leo, aliyepasuliwa kwa njia hiyo huambiwa akae wiki kadhaa bila kuinua vitu vizito, ili misuli ya tumbo iunge vizuri. Bikila hakutulia. Akiwa bado anapona alianza kukimbia taratibu katika uwanja wa hospitali. Alisafiri na timu hadi Japani, ingawa wengi walitilia shaka kama angeweza hata kumaliza.

Marathoni ilikimbiwa Oktoba 21. Safari hii alivaa viatu na soksi. Ron Clarke wa Australia alianza kwa kasi kubwa, na Bikila hakuhangaika naye mwanzoni. Baadaye Clarke alichoka, na Jim Hogan wa Ireland naye akabaki nyuma. Bikila akaenda peke yake hadi uwanjani: saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Rekodi mpya ya dunia. Aliyefuata alikuwa yule Heatley, dakika nne nyuma yake! Bikila hakuonekana kuchoka. Alikwenda kwenye nyasi na kuanza kunyoosha viungo mbele ya umati. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Ukilinganisha na Roma, alikuwa amepunguza dakika tatu. Kwa maoni yangu, upasuaji haukumpa kasi yoyote. Alikwenda hospitali akiwa na miaka mingi ya mazoezi ya milimani miguuni mwake, na njia ya Tokyo haikuwa na vilima vya kutisha. Kipimo chake si cha kila mtu. Aliyepasuliwa aanze kwa kutembea, na daktari aliyemhudumia ndiye aseme lini akimbie au ashike jembe. Mshono ukiuma, ukivimba au ukitoa usaha, arudi hospitali.

Mwili wa Bikila nao ulikuwa na kikomo. Mwaka 1968 huko Mexico alijitoa baada ya kama kilomita 17 kwa maumivu ya mguu, na mwenzake Mamo Wolde akashinda. Hizo ndizo mbio ambazo Mtanzania John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho, goti likiwa limefungwa bandeji.

Machi 1969 Bikila alipata ajali ya gari iliyomjeruhi uti wa mgongo. Hakutembea tena. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, inayojulikana kwa kutibu majeruhi wa aina hiyo, na mikono yake ikapata nguvu. Mwaka 1970 alishiriki michezo ya watu wenye ulemavu, akilenga shabaha kwa upinde na kucheza tenisi ya meza akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata alikwenda Norway, akashindana kwenye theluji kwa kigari kinachovutwa na mbwa, akashinda.

Alifariki Oktoba 25, 1973 mjini Addis Ababa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 41. Mfalme Haile Selassie alikuwapo kwenye mazishi, pamoja na maelfu ya wananchi.