Mama Kevina na elimu ya wasichana

Katika historia za shule zetu nyingi za misheni, majina ya maaskofu na mapadri huandikwa kwa wino mzito, ilhali watawa wa kike waliofundisha darasani hutajwa kwa jumla tu, kana kwamba hawakuwa na majina. Hata hapa Taita, ambako misheni ya Kikatoliki ya Bura ilifunguliwa mwaka 1892, na ambako wasichana wana shule yao ya upili, ni wanafunzi wachache wanaoweza kunitajia mmoja wao. Kwa sababu hiyo naleta mbele ya walimu na wanafunzi maisha ya Teresa Kearney, ingawa kazi yake aliifanyia Uganda.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 katika wilaya ya Wicklow, Ireland. Baba yake alifariki miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama naye akafariki binti akiwa na umri wa miaka kumi, akalelewa na nyanya yake. Alitamani kwenda chuo cha ualimu lakini karo haikupatikana, basi akaanza kufundisha kama mwalimu msaidizi angali kijana mdogo. Wanafunzi wanaorudishwa nyumbani kila muhula kwa ajili ya karo hawatahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Mwaka 1895 alijiunga na watawa Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Kevin. Desemba 1902 alifunga safari pamoja na wenzake watano. Wakati huo reli itokayo Mombasa na kupita Voi ilikwisha kufika Ziwa Victoria, nayo ndiyo iliyokuwa njia ya wasafiri waendao Uganda. Huko Nsambya walianza na zahanati na shule chini ya mwembe.

Vita vya 1914 twavijua vyema sisi wa Taveta na Voi. Wapagazi wa Kiafrika walisombwa kwa maelfu, na waliojeruhiwa wakapelekwa hata Nsambya. Mama Kevina, kama Waganda walivyomwita, alikasirishwa sana na jinsi watu hao walivyotendewa kama kwamba si binadamu. Serikali ya Uingereza ilimtunukia nishani mwaka 1918 kwa kuwahudumia.

Tena aliona wanawake wakifa katika uzazi, ilhali kanuni za Kanisa ziliwazuia watawa kuwazalisha. Hakungoja ruhusa ya Roma, ambayo ilikuja mwaka 1936. Mwaka 1921, akishirikiana na daktari Evelyn Connolly, alikwisha kufungua shule ya wauguzi na wakunga wa Kiafrika.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, jambo lake kubwa kuliko yote ni la mwaka 1923, alipoanzisha shirika la watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane. Wengi siku zile hawakuamini kwamba msichana Mwafrika angeweza kusimamia shule au hospitali. Mwaka 1942 ikafuata shule ya upili ya wasichana ya Namagunga, ambayo jina lake halihitaji kutambulishwa kwa mwalimu yeyote wa Uganda.

Aliaga dunia Boston, Marekani, tarehe 17 Oktoba 1957, akazikwa kwao Ireland. Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Wakaomba arudishwe kwao, na Desemba mwaka huohuo akazikwa upya Nkokonjeru, miongoni mwa masista aliowalea.