Priestley, Mtu Aliyegawa Soda Bure

Jina la Joseph Priestley wengi wetu tulikutana nalo sekondari, kwenye mada ya oksijeni. Tulilikariri, tukajibu mtihani, tukalisahau. Na kama kitabu chako kilikuwa kama changu, hakikukwambia kwamba huyu huyu ndiye aliyeandika jinsi ya kutengeneza maji yenye gesi, yaani mama wa soda zote unazokunywa pale kantini. Wala hakikukwambia kwamba alipoijua siri hiyo hakufungua kiwanda. Aliiandika yote kwenye kijitabu, kila mtu asome na ajitengenezee nyumbani.

Mimi nasoma umeme, si kemia, na nimemfikia kwa mlango wa soda. Nitaeleza mbele. Kwanza tumjue mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1733 huko Fieldhead, karibu na mji wa Leeds, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kumalizia vitambaa vya sufi. Mama alifariki Joseph akiwa mdogo, na baadaye akalelewa na shangazi yake. Nyumba ya shangazi haikuisha wageni: wachungaji waliotofautiana na kanisa la serikali walikaribishwa hapo, wakabishana mpaka usiku. Mtoto alikulia kwenye mabishano hayo na akayapenda.

Alikuwa na kigugumizi ambacho hakikumwacha maisha yake yote. Juu ya hapo, familia yake haikuwa ya kanisa la serikali, na siku zile kijana wa namna hiyo hakuruhusiwa kusoma Oxford. Kwa hiyo mtu ambaye leo vyuo vikuu vyote vinamfundisha, mwenyewe hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi. Alisoma kwenye chuo kidogo cha watu wa imani yake mjini Daventry, akatoka na lugha nyingi kichwani na tabia ya kuuliza kila kitu.

Akawa mchungaji, kazi ya mshahara mdogo. Huko Nantwich alianzisha shule, na akiba kidogo aliyopata akanunulia vifaa vya sayansi, ikiwemo mashine ya kuzalisha umeme kwa msuguano. Hebu fikiria: mwalimu wa shule ya mtaani anaacha kujinunulia koti, ananunua mashine ya cheche. Mwaka 1761 alihamia Warrington kufundisha lugha, na mwaka uliofuata akamwoa Mary Wilkinson, dada wa John Wilkinson, tajiri wa viwanda vya chuma.

London alikutana na Benjamin Franklin, aliyemtia moyo aandike historia ya umeme. Kitabu kilitoka mwaka 1767, kikiwa na kurasa zaidi ya 700. Sisi wa umeme tunadaiwa shukrani hapo. Priestley alionyesha kwamba mkaa unapitisha umeme, wakati watu waliamini ni maji na metali tu. Pia alihisi kwamba nguvu kati ya chaji hupungua kwa mraba wa umbali, jambo ambalo baadaye Coulomb alilithibitisha kwa vipimo. Na alikuwa na mazoea ya kuandika hata majaribio yaliyoshindikana, ili anayekuja nyuma asipoteze muda.

Mwaka huo huo wa 1767 alihamia Leeds kuongoza kanisa. Nyumba aliyopangiwa kwanza ilikuwa jirani na kiwanda cha bia. Mwingine angelalamikia harufu. Yeye aliomba ruhusa aingie. Juu ya mapipa ya bia inayochachuka kulikuwa na tabaka la hewa nzito iliyozima mshumaa papo hapo. Ndiyo tunayoiita kabonidayoksaidi; wao waliiita hewa iliyofungwa. Alichukua vyombo viwili, akamimina maji kutoka kimoja kwenda kingine ndani ya hewa ile. Baada ya dakika chache maji yakawa na ukali mtamu ulimini, kama maji ya chemchemi za asili ambazo matajiri walisafiri mbali kwenda kuyanywa.

Alipohama nyumba ile, bia ikawa mbali. Akabuni njia ya nyumbani: chaki ya unga chupani, asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji juu yake, kisha gesi inayotoka inapitishwa kwenye kibofu cha nguruwe na mrija hadi kwenye chupa ya maji iliyopinduliwa, huku ukiitikisa mpaka maji yainywe gesi. Mwaka 1772 akachapisha maelekezo yote. Kijitabu kiliuzwa shilingi moja. Hakuomba hataza wala hakuficha kipimo. Mwaka 1773 Royal Society ikampa medali ya Copley.

Alitumaini kwamba maji hayo yangeponya kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza mabaharia. Hilo halikuwa kweli: kiseyeye kinataka vitamini C, na gesi haina. Daktari mmoja aitwaye Nooth naye alilalamika kwamba maji ya Priestley yana ladha ya mkojo kwa sababu ya kile kibofu, akatengeneza chombo chake cha kioo. Priestley alikasirika kidogo kuhusu madai ya kibofu, lakini chombo hakukipinga. Ndiyo faida ya kuweka kazi hadharani: anayekucheka ndiye anayeiboresha.

Sarafu iliingia baadaye. Johann Jacob Schweppe, fundi saa mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Geneva, alichukua wazo lile, akaliundia mashine, na mwaka 1783 akaanza biashara. Jina lake bado mnalisoma kwenye chupa. Priestley hakupata senti.

Hapa ndipo mimi nilipoingia. Mjomba wangu alinunua mnadani mashine ya soda ya Kimarekani, ya miaka ya 1950, ya chupa za kioo. Aliitaka barazani kwake, mgeni akija abonyeze apate soda. Tatizo, mashine ilikuwa bado inadai senti kumi za Kimarekani. Akaniita: njoo mwanangu, wewe si unasoma umeme?

Kazi yake ni hivi. Sarafu ikitumbukizwa, inapita kwenye kichungi kinachopima ukubwa na uzito, chenye sumaku ya kunasa vipande vya chuma vya kudanganyia. Ikikubaliwa, inaanguka na kubonyeza mkono mwembamba wa swichi. Swichi inapeleka umeme kwenye rilei, rilei inashika, mota inazunguka na chupa inashuka. Kisahani kinachozunguka pamoja na mota kinakata umeme mwishoni mwa mzunguko, na mashine inarudi kungoja sarafu nyingine.

Sikuondoa kitu. Niliongeza swichi moja ya kubonyeza, ile inayorudi yenyewe ukiiachia, sambamba na swichi ya sarafu. Ukiibonyeza, mashine inadhani imelipwa. Kuna wanaotaka kuunganisha nyaya mbili moja kwa moja wamalize. Kwenye mashine kama hii ukifanya hivyo rilei haiachii, na chupa zinashuka hadi ziishe. Tena usiiguse kabla ya kuchomoa plagi, maana kwenye nyingi za zamani njia ya sarafu inapitisha umeme mkubwa ule ule wa ukutani. Nilibadilisha nyaya zilizopasuka maganda, nikaunga ethi kwenye bodi, na tukaiwekea transfoma ya kushusha volti 230 ziwe 115, yenye uwezo wa kuhimili kompresa inapoanza. Umeme wa Marekani ni hezi 60 na wetu 50, kwa hiyo tulimwita fundi friji apime joto la kompresa kabla ya kuiachia usiku kucha.

Soda ikawa bure. Wiki ya pili mkewe mjomba akauliza swali ambalo mimi sikuwa nalo kichwani: nani ananunua kreti, na LUKU mbona inakimbia? Swichi yangu ilikuwa imeondoa sarafu tu. Gharama ilibaki pale pale, imehamia mfukoni mwa mjomba, naye aliikubali kwa hiari yake.

Swali lile nikamuuliza Priestley pia. Aliyegawa bure, alikula nini? Jibu lipo kwenye maisha yake. Kuanzia mwaka 1773 Lord Shelburne alimwajiri kama mtunza maktaba na mshauri, kwa pauni 250 kwa mwaka na nyumba ya kuishi. Walipoachana aliendelea kumlipa pauni 150 kila mwaka. Marafiki kama Josiah Wedgwood, mwenye viwanda vya vyombo vya udongo, walichanga fedha za majaribio. Shemeji yake Wilkinson alisaidia pia. Nyuma ya kila kijitabu cha wazi kulikuwa na watu walioamua kubeba mzigo.

Mchoro wangu wa nyaya ulipokamilika, jamaa mmoja bwenini alinishauri niuze nakala kwa watu wenye mashine na friji za aina hiyo. Bumu lilikuwa limekwisha na mitihani bado wiki tatu. Wazo halikuwa la kijinga. Lakini nilikuwa nakula kwa mjomba kila Jumapili, na shajara yangu imejaa notsi nilizopewa na wengine bila kulipa. Nikaubandika kwenye ubao wa idara.

Turudi kwa Priestley. Tarehe 1 Agosti 1774, akiwa kwa Shelburne, alikusanya mwanga wa jua kwa lenzi kubwa akaunguza oksaidi ya zebaki. Ikatoka gesi iliyofanya mshumaa uwake kwa nguvu, na baadaye aliona panya anaishi ndani yake muda mrefu kuliko kwenye hewa ya kawaida. Scheele huko Sweden alikuwa ameipata mapema, lakini hakuwa amechapisha. Oktoba ya mwaka huo Priestley alifika Paris, na mezani wakati wa chakula akamsimulia Lavoisier kila kitu. Lavoisier ndiye aliyeielewa gesi ile na kuipa jina la oksijeni. Priestley aliendelea kushikilia nadharia ya zamani ya flojistoni mpaka anaingia kaburini. Mtu mwenye mkono wazi kuliko wote alikuwa na kichwa kigumu kweli kweli.

Mwaka 1780 alihamia Birmingham, akaketi na kina James Watt na Erasmus Darwin kwenye Lunar Society, kikundi kilichokutana usiku wa mwezi mpevu ili wapate mwanga wa kurudia nyumbani. Mwaka 1788 alihubiri hadharani dhidi ya biashara ya watumwa. Aliunga mkono pia mapinduzi ya Ufaransa, na hapo ndipo mji ulipomgeuka. Tarehe 14 Julai 1791 watu walifanya karamu ya kukumbuka kuanguka kwa Bastille. Yeye hakwenda. Hata hivyo genge liliandamana hadi nyumbani kwake, likachoma nyumba, maktaba, maabara na maandishi ya miaka mingi. Inasimuliwa kwamba walijaribu kupata cheche za kuwashia moto kutoka kwenye mashine yake ya umeme, ikawagomea. Yeye na Mary waliponea chupuchupu. Fidia aliyolipwa ilikuwa pungufu ya alichodai.

Aprili 1794 walipanda meli kwenda Marekani. Mwezi uliofuata Lavoisier alikatwa kichwa Paris. Priestley alijenga nyumba yenye maabara huko Northumberland, Pennsylvania, kando ya mto Susquehanna. Alikataa uprofesa wa kemia Philadelphia. Mwanawe Henry alifariki 1795, Mary akafuata 1796. Mzee akabaki na majaribio yake na barua za marafiki hadi tarehe 6 Februari 1804.

Mwaka 1874 wanakemia wa Marekani walikusanyika Northumberland kuadhimisha miaka 100 ya oksijeni. Kutokana na mkutano ule likazaliwa wazo la kuunda chama chao cha kitaifa, kilichoanzishwa miaka miwili baadaye. Waliomchoma nyumba hakuna anayewakumbuka kwa majina.

Basi, wanachuo wenzangu, mtihani unakaribia na karatasi za mitihani iliyopita zinauzwa kwa bei ya sahani ya wali maharage. Simlaumu anayeuza, njaa ni njaa. Ila ukimwona mwenzako anagawa, usiishie kusema asante ukaondoka. Muulize kama amekula.