Frederick McKay na Fumbo la Meno ya Kahawia

Frederick Sumner McKay alizaliwa mwaka 1874 huko Lawrence, katika jimbo la Massachusetts, mashariki mwa Marekani. Alisomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu mwaka 1900. Mwaka uliofuata alielekea magharibi hadi Colorado Springs, mji ulio chini ya mlima Pikes Peak, akafungua zahanati. Huenda angeishi maisha ya kawaida ya kung'oa na kuziba meno, lau si jambo moja lililomkabili mara tu wagonjwa walipofungua vinywa vyao. Wengi wa wazaliwa wa mji huo walikuwa na mabaka ya kahawia katika meno, mengine yakiwa yamekolea mithili ya chokoleti. Hayakutoka kwa mswaki wala kwa dawa.

McKay alipekua vitabu vyote vya taaluma yake asipate hata aya moja iliyoeleza hali hiyo. Wenyeji walikuwa na majibu yao: wengine walilaumu ulaji wa nyama ya nguruwe, wengine maziwa duni, wengine wakasema maji yana chokaa nyingi. Madaktari wenzake walikuwa wameyazoea mabaka hayo hata hawakuyaona tena. Jambo linapokuwa la kila siku, nani atauliza sababu yake? Kwa takriban mwongo mzima daktari huyo kijana alikuwa akiuliza peke yake.

Hali ilibadilika mwaka 1909, pale G. V. Black, bingwa wa taaluma ya meno nchini Marekani enzi hizo, alipokubali kwenda Colorado Springs. Uchunguzi wa chama cha madaktari wa meno wa mji huo ulikuwa umeonyesha kuwa karibu asilimia 90 ya watoto waliozaliwa pale walikuwa na dalili za mabaka. Black alishirikiana na McKay hadi alipofariki mwaka 1915, na kazi yao ikachapishwa mwaka uliofuata. Walibaini mambo mawili. Kwanza, dosari hiyo huingia wakati jino lingali linaumbwa ndani ya ufizi; mtu mzima aliyehamia Colorado na meno yake kamili hakupata hata doa. Pili, na hili ndilo lililowaduwaza, meno hayo yasiyopendeza machoni yalikuwa hayaozi kwa urahisi.

Shuku za McKay ziliangukia maji, ila hakuwa na ushahidi. Mwaka 1923 aliitwa na wazazi wa Oakley, mji mdogo katika jimbo la Idaho. Walimweleza kwamba watoto wao walianza kuota meno yenye mabaka baada ya mji kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya maji moto iliyokuwa umbali wa maili 5. McKay aliyapima maji hayo, asipate kitu chochote cha kutiliwa shaka. Hapa ndipo ushupavu wake unapodhihirika. Maabara ilimwambia maji ni safi. Wazazi walimwambia sivyo. Naye akawaamini wazazi. Aliwashauri viongozi waliache bomba hilo na kutumia chemchemi nyingine. Kuwashawishi wakazi wa mji mdogo wagharimie bomba jipya kwa sababu ya kitu kisichoonekana wala kutajika jina halikuwa jambo jepesi, lakini walikubali. Mwaka 1933 McKay alichapisha matokeo: watoto waliokua wakinywa maji mapya walikuwa wameota meno yasiyo na mabaka.

Wakati huo fumbo lilikuwa limekwisha kufumbuliwa kwingine. Bauxite, mji wa Arkansas uliomilikiwa na kampuni ya alumini ya ALCOA, ulikuwa umeanza kutumia visima virefu mwaka 1909, na watoto waliozaliwa baadaye wakaota meno yenye mabaka. Katika mji mwingine uliokuwa maili 5 tu kutoka hapo, hakuna aliyekuwa nayo. McKay alikwenda Bauxite pamoja na Grover Kempf wa idara ya afya ya serikali, na ripoti yao ikamfikia H. V. Churchill, mkemia mkuu wa kampuni hiyo. Churchill alikuwa na hofu yake mwenyewe. Watu walikuwa wakivumisha kwamba sufuria za alumini zina sumu, na habari ya meno mabovu katika mji wa alumini ingekuwa kutia petroli motoni.

Churchill aliagiza maji hayo yachunguzwe kwa spektrografu. Katika chombo hiki, mabaki ya maji yaliyokaushwa huunguzwa kwa cheche ya umeme hadi yatoe mwanga. Mwanga huo hupitishwa katika mche wa kioo, ukatawanyika rangi kwa rangi kama upinde wa mvua, kisha ukapigwa picha. Kila elementi huacha mistari yake ambayo haifanani na ya nyingine. Florini ni ngumu kunaswa kwa njia hii, lakini ikikutana na kalsiamu motoni huacha utepe wa mwanga unaotambulika, na utepe huo ulionekana. Churchill hakuamini. Alidhani maji yamechafuliwa, akadai sampuli nyingine. Jibu likawa lile lile. Mnamo Januari 1931 alimwandikia McKay barua ndefu kumweleza, na kumwomba ampelekee maji ya miji mingine yenye mabaka. Kote floraidi ilipatikana. Kisima cha Bauxite kilikuwa na sehemu 13.7 katika kila milioni, Colorado Springs 2.

Miaka thelathini ya kuuliza ikapata jibu la neno moja. Enameli ya jino, kwa uzito, ni madini kwa takriban asilimia 96: kalsiamu na fosfeti zilizopangika katika fuwele za apataiti. Floraidi kidogo hupenya katika fuwele hizo na kuzifanya zistahimili asidi inayoozesha meno. Ikizidi wakati jino linaumbwa, huvuruga seli zinazojenga enameli, na jino hutoka likiwa na vinyweleo vinavyofyonza rangi. Mambo yote mawili waliyoyaona McKay na Black yalikuwa kazi ya kitu kimoja.

Habari hii si ngeni Afrika Mashariki. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floraidi nyingi katika maji ya ardhini, na katika sehemu za Nakuru, Naivasha na hata Arusha wapo watu wengi wenye meno ya aina ile ile aliyoikuta McKay mwaka 1901. Wangapi wamekebehiwa kuwa hawapigi mswaki, ilhali dosari iliingia kabla ya jino kuchomoza!

Kinaya ni kwamba kitu alichohangaika McKay kukiondoa majini kilikuja kutiwa majini kwa makusudi. H. Trendley Dean, daktari wa serikali, alipima na kuona kwamba sehemu 1 katika milioni hukinga meno bila kuacha mabaka ya kuonekana. Tarehe 25 Januari 1945, Grand Rapids katika jimbo la Michigan ukawa mji wa kwanza duniani kutia floraidi katika maji ya mfereji. Ubishi ulizuka na haujaisha. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yaliupiga marufuku utaratibu huo. McKay alifariki mwaka 1959, miaka 58 tangu alipofungua zahanati yake Colorado Springs.