Fundi na Kazi ya Mikono Yake: Maisha ya Mikhail Kalashnikov



Sisi tuliokulia Ikombe tunaijua kazi ya mfinyanzi tangu utotoni. Mama zetu wa Kikisi hufinyanga vyungu, huvichoma, huvipanga kwenye mitumbwi na kuvipeleka sokoni Matema. Chungu kikishauzwa, mfinyanzi hajui tena kitapika nini wala katika nyumba ya nani. Tulipofika kwenye somo la maadili na kuulizwa fundi anawajibika kwa kiasi gani kwa kazi ya mikono yake, tuliwakumbuka mama hao. Kisha tukamkumbuka fundi mwingine, Mrusi, ambaye swali hilo lilimfuata hadi uzeeni.

Mikhail Kalashnikov alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 katika kijiji cha Kurya, mkoa wa Altai, katika familia ya wakulima yenye watoto wengi. Mwaka 1930 serikali ya Stalin iliwanyang'anya mali wakulima waliohesabiwa kuwa matajiri. Familia yake ilihamishwa kwa nguvu hadi eneo la Tomsk, huko Siberia, na baba yake akafariki katika majira yale ya kwanza ya baridi. Kwa miaka mingi Mikhail aliificha habari hiyo, kwa kuwa mtoto wa mhamishwa hakuaminiwa.

Mwaka 1938 aliitwa jeshini akawa fundi wa vifaru. Oktoba 1941 alijeruhiwa vitani karibu na Bryansk. Akiwa hospitalini aliwasikia askari wenzake wakilalamika kwamba Wajerumani walikuwa na silaha nyingi za kufyatua risasi mfululizo kuliko wao. Akaanza kuchora. Silaha yake ya kwanza ilikataliwa, lakini wakubwa waliona kipaji chake wakampa nafasi ya kuendelea.

Baada ya vita yakafanyika mashindano ya kutafuta bunduki mpya ya jeshi. Ilitakiwa itumie risasi ya wastani, kubwa kuliko ya bastola na ndogo kuliko ya bunduki za zamani. Wajerumani walikuwa wametangulia katika wazo hilo. Kalashnikov na wenzake walitengeneza bunduki ambayo sehemu ya gesi ya moto inayosukuma risasi hupitia kwenye bomba lililo juu ya mtutu, ikasukuma chuma kinachotoa ganda lililotumika na kuingiza risasi nyingine. Hubeba risasi 30, na kasi yake ni kama risasi 600 kwa dakika. Sehemu zake za ndani zimeachiana nafasi, hivyo tope na mchanga haviizuii kwa urahisi. Iliitwa AK-47, na mwaka 1949 ikapokelewa rasmi na jeshi la Kisovieti. Fundi wetu hakuwa ametimiza miaka 30.

Bunduki hiyo haikukaa Urusi. China iliruhusiwa kuitengeneza, na kutoka huko ilifika hata kwetu. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, Tanzania iliunda jeshi jipya, JWTZ, tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, na China ikawa miongoni mwa waliolisaidia kwa mafunzo na silaha. Watanzania wengi wameizoea kwa jina la SMG. Mwezi huohuo wa Septemba, wapiganaji wa FRELIMO waliofunzwa katika ardhi yetu walianza vita vya kuikomboa Msumbiji, nchi tunayochangia nayo maji ya ziwa hili la Nyasa. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na hadi leo bunduki hiyo imo kwenye bendera yake, pamoja na jembe na kitabu.

Lakini bunduki ileile iliyoleta uhuru iligeuka ikaua ndugu kwa ndugu. Kuanzia 1977 FRELIMO na RENAMO walipigana, na pande zote mbili ziliishika. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, kwa upatanishi wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianza kukusanya silaha na kuwapa waliozisalimisha majembe, baiskeli na vyerehani. Uganda ya kaskazini na Kongo ya mashariki, hata watoto walibebeshwa bunduki hiyo, kwa sababu ni nyepesi kujifunza.

Kwa muda mrefu Kalashnikov alisema kwamba alitaka kuilinda nchi yake tu, na kwamba wa kulaumiwa ni wanasiasa. Hata hivyo aliwahi kukiri kwamba afadhali angebuni mashine ya kukata majani. Akiwa na miaka 91 aliingia kanisani. Aprili 2012 alimwandikia Patriaki Kirill wa Moscow, akieleza maumivu ya roho yasiyovumilika na kuuliza kama yeye, muumini na mtoto wa mkulima, ana hatia ya vifo vya watu waliouawa kwa bunduki yake. Alifariki tarehe 23 Desemba 2013. Barua ilipochapishwa mwezi uliofuata, msemaji wa Patriaki alieleza kwamba Kanisa lao huwaunga mkono wanaotengeneza silaha za kulinda taifa.

Nasi tuseme nini? Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mtu anaweza kujilinda, mradi nia yake ni kuokoa uhai na asitumie nguvu kupita kiasi. Hati ya Gaudium et Spes inakubali haki ya taifa kujitetea, lakini inaonya kwamba mashindano ya silaha huwaumiza maskini. Kwa hiyo hatuthubutu kumhukumu kijana aliyejeruhiwa mwaka 1941. Tunaona tu kwamba nia njema ya siku ile haikumtosha mzee wa miaka 92. Alihitaji kuuliza, na hakuuliza kwa mwanasiasa bali kwa mchungaji wake.

Sisi waseminari hatutengenezi bunduki. Ila siku moja tutahubiri, tutashauri, tutaandika, na maneno yetu yatasafiri kama vyungu vya Ikombe hadi nyumba tusizozijua. Tujizoeze kuuliza mapema, kila jioni tunapotafiti dhamiri: nilichokitoa leo kitamfanya nini atakayekipokea? Na tumwombee Mikhail, pamoja na wote walioanguka kwa kazi ya mikono yake.