Theodor Escherich: Tabibu aliyekiona kiini cha kuhara, dunia ikachelewa kumfuata

KILA maabara ya hospitali inapotoa majibu yanayoitaja bakteria ya E. coli, herufi hiyo ya kwanza humtaja mtu. Mtu huyo ni Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyezaliwa Ujerumani na kufia Austria zaidi ya karne moja iliyopita.

Hata hivyo, E. coli si kiini pekee alichokigundua. Kipo kingine alichokiona mwaka wa 1886, akakieleza kwa maandishi, kisha kikasahauliwa kwa miongo mingi. Leo kiini hicho chaitwa Campylobacter, na Shirika la Afya Duniani (WHO) hukihesabu miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya maradhi ya kuhara ulimwenguni.

Escherich alizaliwa Novemba 29, 1857, katika mji wa Ansbach, jimbo la Bavaria. Babake alikuwa tabibu aliyependa takwimu za afya. Mamake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka mitano tu. Alipofika miaka 12 alipelekwa katika shule ya bweni ya Wajesuiti mjini Feldkirch, Austria. Baadaye alisomea udaktari katika vyuo vikuu kadhaa na kufuzu mnamo 1881.

Huo ulikuwa wakati wa msisimko mkubwa katika tiba. Robert Koch alitangaza kiini cha kifua kikuu mwaka wa 1882, na wasomi vijana wakakimbilia hadubini kutafuta viini vingine. Mwaka wa 1884, kipindupindu kilipoushambulia mji wa Napoli nchini Italia, Escherich alitumwa huko kuuchunguza ugonjwa huo.

Aliporejea alikwenda Munich na kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya Hauner. Katika miji ya Ulaya ya siku hizo, kuhara kuliwaua watoto wachanga kwa wingi, hasa majira ya joto. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walionyweshwa maziwa ya ng'ombe badala ya kunyonyeshwa. Madaktari waliliona tatizo lakini hawakujua chanzo chake.

Escherich aliamua kuanza na jambo lililoonekana dogo. Kabla ya kuuliza ni kiini gani kinachomwua mtoto mgonjwa, alitaka kujua ni viini gani huishi katika utumbo wa mtoto mzima. Alipima vinyesi vya watoto wachanga, akaotesha bakteria na kuzitenga moja moja. Julai 14, 1885, alitoa mhadhara mjini Munich akaeleza matokeo yake, yakiwemo ya bakteria aliyoiita Bacterium coli commune. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu bakteria za utumbo wa watoto wachanga, kazi iliyomjengea jina kote Ulaya.

Mwaka huo huo wa 1886, alichunguza utumbo wa watoto waliofariki kutokana na kuhara kulikofanana na kipindupindu. Ndani ya ute wa utumbo mpana aliona vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama parafujo. Alijaribu kuviotesha katika maabara, navyo vikakataa kuota. Bila kuviotesha hakuweza kuthibitisha kwamba ndivyo vilivyosababisha maradhi, kwa hivyo hakuvitwika lawama. Makala zake zilibaki katika jarida la Kijerumani, na wasomi wakazipita.

Kukataa huko kulikuwa na sababu ambayo hakuna aliyeijua wakati huo. Campylobacter haipendi hewa ya kawaida, bali huhitaji oksijeni kidogo mno. Aina zinazomdhuru binadamu hustawi vyema katika joto la takriban nyuzi 42, ambalo ndilo joto la mwili wa kuku.

Mnamo 1890, Escherich aliitwa Graz, Austria, kuongoza tiba ya watoto. Aliipanua hospitali ya mji huo na kupigana na dondakoo, ugonjwa uliowanyonga watoto kooni. Mwaka wa 1892 alimwoa Margarethe Pfaundler, binti ya profesa wa fizikia, nao wakajaliwa mvulana na msichana.

Mwaka wa 1902 alihamia Vienna na kukabidhiwa hospitali ya watoto ya St. Anna. Ni katika miaka hiyo ambapo msiba ulimfika nyumbani: mwanawe wa kiume alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo akiwa na umri wa miaka 10. Babake, aliyewatibu watoto wa watu wengine maisha yake yote, hakuweza kumwokoa wake.

Hakuacha kazi. Mnamo 1903 alianzisha chama cha kuwalinda watoto wachanga. Kupitia chama hicho alihimiza akina mama kunyonyesha, na waliokosa maziwa ya kutosha wakapewa maziwa safi. Aliaga dunia kwa kiharusi mjini Vienna mnamo Februari 15, 1911, akiwa na umri wa miaka 53.

Heshima ya jina ilikuja baadaye. Mwaka wa 1919, Aldo Castellani na mwenzake Albert Chalmers walipendekeza bakteria yake iitwe Escherichia. Castellani ni Mwitaliano yule yule aliyefika Entebbe, Uganda, mnamo 1902 kuchunguza ugonjwa wa malale.

Vijidudu vilivyojipinda navyo vilingoja zaidi. Mwaka wa 1972, wataalamu mjini Brussels walifaulu kuviotesha kutoka kwa kinyesi cha wagonjwa. Mwaka wa 1977, Martin Skirrow wa Uingereza alionyesha njia rahisi ambayo maabara za kawaida zingeweza kuifuata. Ndipo ilipobainika kwamba ugonjwa uliodhaniwa kuwa adimu ulikuwa umeenea kila mahali. Mgonjwa huharisha, pengine kwa damu, huumwa na tumbo na kupata homa. Wachache hupatwa baadaye na maradhi ya neva yanayolegeza viungo.

Chimbuko mojawapo kuu ni kuku. Ndege huyo hubeba kiini hicho tumboni bila kuugua, hivyo mfugaji hawezi kumtambua kwa macho. Kikiingia bandani, huenea kundi zima kwa siku chache kupitia kinyesi na maji. Wakati wa kuchinja, uchafu wa utumbo hugusa ngozi na nyama.

Kufikia sasa hakuna chanjo ya kuku dhidi yake inayotegemewa na wafugaji. Kinga ni usafi: viatu maalumu vya kuingilia bandani, kunawa mikono, maji safi ya kunywesha, na kuzuia nzi na panya. Nchini Iceland, baada ya wagonjwa kuongezeka sana mwaka wa 1999, nyama ya makundi yaliyopatikana na kiini ilianza kugandishwa kabla ya kuuzwa, na maambukizi yakapungua. Kugandisha hupunguza viini lakini hakuvimalizi.

Jikoni, nyama iive hadi ndani. Kisu na kibao kilichokatia kuku mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa. Wala kuku mbichi asioshwe chini ya mfereji, kwa kuwa maji hurusha viini kwenye vyombo na vyakula vingine.

Escherich hakujua hata moja kati ya hayo kuhusu kuku. Lakini aliwapigania watoto kwa maziwa ya mama na chakula kisichochafuliwa, miongo mingi kabla ya adui aliyemwona kupata jina. Sisi tunalijua jina hilo, tunayajua makazi yake na tunaijua njia yake ya kufika mezani. Udhuru aliokuwa nao yeye, sisi hatuna.